Kaburi Lililokingama

Mvua ya mchana mmoja ilifanya kazi ambayo sisi polisi tulishindwa kuifanya kwa karibu mwezi mzima. Iliangukia majabali ya nyuma ya Yiti, karibu na Maskati, maji yakateremka bondeni kwa kishindo, na yalipokwisha kupita yakaacha ubao mmoja umechomoza kwenye changarawe ya kijikorongo cha pembeni. Mbuzi wa Taghreed ndio waliokwenda kuunusa. Taghreed akawafuata, akaona kitambaa cheupe chini ya ubao, na hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba baba yake amepatikana.

Baba yake alikuwa Mzee Marhoon, mchungaji, mkubwa wa ukoo mdogo wa watu wa majabali ambao wameishi juu ya bonde lile tangu zamani zisizo na tarehe. Chini ya bonde hilo pamegunduliwa shaba. Kampuni moja iliyozaliwa juzijuzi ikataka kuichimba, na ikataka mzee na watu wake wahame. Mzee alikataa. Kisha akatoweka. Kampuni ikasema kenda zake Imarati kwa jamaa zake, na sisi, nasema kwa aibu, tukalipokea neno hilo kama linavyopokelewa neno la watu wenye magari makubwa. Kamati ya ardhi ilikuwa ikae mwisho wa mwezi, na shahidi aliyejua kila mpaka na kila jina la ukoo alikuwa yeye peke yake.

Mimi naitwa Nadra. Ni mpelelezi, na nilifika kule korongoni kabla ya adhuhuri pamoja na mwenzangu Khalil. Khalil kwao Nizwa. Ni hodari, na anapenda kuniita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, kwa utani, asema. Utani huo nimeusikia tangu shule ya msingi na haujanichekesha bado. Mimi nimezaliwa Maskati, mama yangu kazaliwa Unguja, babu yake mama kazaliwa Oman. Familia imekwenda ikarudi, na kila tulipofika watu walituona tumetoka upande wa pili.

Tulipofukua, kila mtu aliona mara moja kwamba kaburi limekingama. Hapa kwetu Oman kibla ni magharibi, kwa hiyo maiti hulazwa kichwa kaskazini, miguu kusini, uso ukaelekea jua linakozama. Mzee Marhoon alikuwa amelazwa kichwa mashariki, na uso wake umeelekea kaskazini, kwenye bahari. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na jeraha lililofungwa kwa kitambaa safi.

Khalil aliangalia jua, akaangalia kaburi, akasema kwa Kiarabu maneno ambayo yaliingia kwenye taarifa yetu yote siku ile ile. "Aliyemzika huyu hajui kibla."

Na hakuchelewa kumpata mtu asiyejua kibla. Getini mwa kampuni kulikuwa na mlinzi, Mganda, Mkristo, jina lake Ssewanyana. Yeye na mzee walikuwa wamewahi kugombana hadharani, kwa sababu mbuzi walikuwa wakipita getini kana kwamba geti halipo. Chumbani mwake, kwenye kontena, vijana wetu walikuta bakora ya Mzee Marhoon imeegemezwa ukutani. Wakamtia pingu. Khalil alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Mimi nilibaki pale kaburini, kwa sababu kuna kitu hakikunikaa sawa. Shavu la kulia la mzee lilikuwa limefunuliwa sanda na kuwekwa juu ya udongo mtupu. Mafundo ya sanda yalikuwa yamelegezwa. Mabonge ya udongo yalikuwa yamepangwa nyuma ya mgongo ili asibingirike. Juu yake, badala ya mawe bapa wanayotumia watu wa huku, ziliwekwa mbao kwa mshazari, ndicho kiunza chenyewe, ili mchanga usimwangukie usoni. Mtu aliyefanya hayo alikuwa amezika wengi, au amesimama karibu na aliyezika wengi. Anayeyajua yote haya hawezi kusahau kibla.

Isipokuwa kama hakuisahau. Isipokuwa kama kwake yeye, mikononi mwake, kibla ni kaskazini.

Kuna mahali ambapo Waislamu wote huelekea kaskazini wakiswali na wakizikana, na mahali hapo ndipo zilipotoka hadithi zote za utotoni mwangu. Ukisimama Unguja, Makka iko kaskazini. Mjomba wangu Zahor, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa akitusimulia sisi watoto habari za baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa wao, na jinsi alivyokuwa akimchukua makaburini angali mdogo. Alitutisha nazo na sisi tukizipenda. Na kila mara alimalizia kwa wasia wa baba yake: mpe maiti jua la asubuhi kichwani, hutokosea kibla.

Sikumwambia Khalil. Nilijiambia kwamba Wazanzibari tumejaa Maskati nzima, maofisini, hospitalini, mabenki, na kwamba mtu mwenye akili hamshuku mjomba wake kwa sababu ya hadithi ya watoto. Lakini ni wangapi kati yetu wanaokwenda kwenye bonde lile? Mjomba, baada ya kustaafu serikalini, alikuwa mshauri wa kampuni ile ya shaba. Yeye ndiye aliyeisaidia kupita mlango huu na ule, na yeye ndiye aliyeiambia kamati ya ardhi kwamba watu wa Marhoon ni wahamaji tu, si wenyeji wa bonde. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza lilinichoma. Mtu aliyeitwa mgeni miaka hamsini katika nchi ya babu zake, anakwenda kumwita mgeni mtu ambaye hajatoka jabalini hata siku moja. Nilinyamaza, kwa kuwa ni mjomba.

Jioni nilirudi nyumbani Wattaya, na nyumbani kulikuwa na jambo jingine lililonisubiri. Mirembe, dada anayemsaidia mama yangu, alikuwa amesimama jikoni na aproni mkononi. Ssewanyana ni kaka yake, tumbo moja. Mjomba ndiye aliyemtafutia kazi ya ulinzi, kwa kuombwa na mama, kwa kuombwa na Mirembe.

"Madam Nadra," akaniambia, "simu ya kaka musakkar, imezimwa tangu mchana. Wenzake wanasema amechukuliwa na shurta, polisi wenzako. Ameua mtu? Yule hawezi kuua hata kuku, sisi kwetu nilikuwa nachinja mimi."

Nilimwambia ninachoweza kumwambia, yaani si kitu. Hakulia. Alikwenda kumpaka mama dawa ya magoti kama afanyavyo kila jioni, akampangia mito, akamletea maji ya kutawadhia. Nilikaa nikimtazama na nikajichukia. Kaka yake hakuwa na wakili wala jamaa, na bakora ya maiti ilikutwa chumbani mwake. Kosa la kuua hapa si la mchezo. Kama mimi nisingesema ninachokijua, hakuna mwingine katika idara nzima angekijua, kwa sababu hakuna mwingine aliyelelewa na mtoto wa mwosha maiti wa Unguja.

Kesho yake nilikwenda kumhoji Ssewanyana. Khalil alikaa pembeni, hajui neno la Kiswahili, akawa anatuangalia midomo. Ssewanyana ni kijana mpana, mpole, mwenye kawaida ya kufikiri kabla ya kujibu, na kawaida hiyo mbele ya polisi humfanya mtu aonekane mwongo. Aliniambia kwamba ugomvi wa mbuzi uliisha zamani, na baada yake mzee akawa anamletea maziwa. Bakora aliiokota njiani, chini ya makaburi ya zamani ya watu wa jabali, akaiweka ili amrudishie mwenyewe.

Nikamuuliza ni nani aliyepita getini siku ile ambayo mzee alionekana mara ya mwisho, au alfajiri zilizofuata. Akaangalia mikono yake.

"Hakuna mtu alipita, afande."

Nilimuuliza tena, nikamwambia kwamba jibu hilo linamfunga yeye mwenyewe, kwani kama hakuna aliyepita basi aliyekuwapo ni yeye. Akarudia vile vile. Alikuwa anadanganya, na nilijua anamdanganyia nani. Dada yake anakula na kulala katika nyumba ya mama yangu, dada yake mtu huyo. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba shimo hili litamtosha yeye, asimvute na Mirembe.

Tulipotoka, Khalil aliniuliza nilikuwa namwambia nini muda wote ule kwa lugha yangu. Nikamfupishia. Alinitazama kwa jicho ambalo hakuwahi kunitazama nalo, akasema kama mimi na mshukiwa tunajuana ni bora niseme mapema. Alikuwa na haki ya kushuku, na hilo ndilo lililonikera. Nilimjibu vibaya, na tukarudi mjini.

Nilipanda kwa Taghreed peke yangu. Nyumba zao ni chache, za mawe, zimeshikamana na jabali. Taghreed ni mwanamke wa makamo, mkavu, hana maneno ya kupamba. Alinipa kahawa kwa sababu mgeni hupewa kahawa, kisha akanichukua hadi kwenye makaburi ya ukoo wao. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, mistari kwa mistari, mawe mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke, yote vichwa kaskazini, mengine yamezama hata huyaoni mpaka uyakanyage. Alinionyesha la babu yake, na la babu wa babu yake. Akaniambia kwamba baba yake alikuwa akimleta hapa kila mtu wa kampuni aliyekuja, hasa yule mshauri, yule mzee wa kwetu sisi Wazanzibari, anayezungumza lugha ya Sawahil kwenye simu.

Mara moja, mbele ya watu, baba yake alimsimamisha mshauri huyo pale pale niliposimama mimi, akamuuliza swali. Taghreed alinirudia swali hilo akinitazama usoni, kama aliyekuwa ananiuliza mimi.

"Wangu wamelala hapa. Wako wamelala wapi?"

Mshauri alimgeuzia mgongo. Alipanda gari akaondoka. Taghreed akaongeza, bila kuinua sauti, kwamba wao hawajui kusoma ramani na hawana jamaa serikalini, lakini wanajua mahali pa kila mfu wao, na kama mtu anataka kuthibitisha uenyeji zaidi ya hivyo yeye hajui athibitishe nini. Nilimpa rambirambi. Aliniuliza lini watamrudishia baba yake amzike. Nikasema karibuni, na neno hilo likawa chungu mdomoni mwangu, maana sikujua kama ningekuwa na ujasiri wa kulitimiza.

Njia nzima ya kuteremka nilikuwa na harufu puani. Ilikuwamo korongoni siku ile tulipofukua, chini ya harufu nyingine zote, na nilishindwa kuitambua. Sasa ilinijia. Ni udi na karafuu. Ni harufu ya sanduku la mama.

Mama yangu, Bi Mahbuba, alikwenda Hija zamani akarudi na sanda yake mwenyewe, bafta aliyoichovya Zamzam, akaikunja ndani ya sanduku lake pamoja na udi na karafuu kuisubiri siku yake. Wazee wengi wa kwetu wanafanya hivyo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia sanduku hilo likifunguliwa. Jioni ile nilimuuliza sanda yake iko wapi, na yeye, bila ya kusita, akasema kampa kaka yake Zahor. Alikuja asubuhi ya harusi ya Lujain, mtoto wa jirani, uso umemshuka, akasema kuna Mbangladeshi kafa kazini hana hata mtu wa kumkafini.

"Si sadaka hiyo?" akaniuliza. "Mie nna wa kuninunulia nyingine. Kwani vipi?"

Harusi ya Lujain. Kesho yake ya siku aliyoonekana Mzee Marhoon mara ya mwisho. Nikamwambia si kitu, nikaenda kukaa ndani ya gari mbele ya maduka ya magari, taa zote zimewaka, na nikalia kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Mjomba huja kula kwetu kila Ijumaa baada ya swala. Ana miaka sabini na kitu, lakini huogelea ufuoni Bustan kila asubuhi na ana mabega ya mzamiaji. Alikuja na halwa, akambusu mama kichwani, nikampa shikamoo naye akaitikia marahaba kama siku zote. Wali wa nazi ulikuwa mezani, na mchuzi wa papa. Mirembe aliandaa, akarudi jikoni. Macho yake yalikuwa yamevimba na mjomba hakumwangalia. Aliongea habari za mvua, za bei ya samaki, za mjukuu wake Reem aliyefaulu. Mimi nilikuwa nasubiri, na sikujua nasubiri nini, labda aseme mwenyewe.

"Mjomba," nikasema mwisho, "yule mzee wa Yiti kazikwa vizuri sana."

Aliacha kutafuna.

"Shavu lake liko juu ya udongo. Kawekewa kiunza. Na sanda yake inanukia sanduku la mama."

Mama aliweka kijiko chini. Mjomba alikunywa maji taratibu, akasema kasikia yule mlinzi keshakamatwa, na kama hana kosa Mungu atamtoa. Hapo nilishindwa. Nilimwambia kwamba Mungu hakumtuma yeye akamfiche mtu korongoni kisha akae mezani kwa dada yake ale wali uliopikwa na ndugu wa mtu anayesota kwa ajili yake. Sijawahi kumpandishia sauti mjomba wangu maishani. Sauti ilitoka, na haikutaka kurudi.

Alisukuma sahani yake kando. Kisha akaanza kueleza, macho yake mezani, kama aliyekuwa akisimulia habari za mtu mwingine. Kampuni ilimwahidi sehemu yake ikiwa bonde litapatikana. Alikwenda kwa Marhoon jioni ile kumbembeleza kwa mara ya mwisho. Marhoon akampeleka makaburini, kama kawaida yake, na akamuuliza lile swali tena. Wako wamelala wapi?

Sisi wote watatu mezani tulijua jibu. Babu yangu, mwosha maiti, aliyezika mtaa mzima, alitoka siku za mapinduzi kwenda kumzika jirani na hakurudi. Mjomba alikuwa mtoto. Hakuna anayejua alipolala. Aliyezika watu wote yeye hakupata wa kumzika.

Mjomba alimsukuma Marhoon. Mara moja tu, alisema, kwa mikono miwili, na mzee akaanguka chali juu ya jiwe. Asingeweza kumzika palepale, kaburi jipya lingeonekana. Alimteremsha kwa gari mpaka korongoni, akamfunika kwa shuka, asubuhi akaja kwetu kuchukua sanda, akatafuta mbao, na alfajiri iliyofuata akarudi na kuchimba.

"Wallahi sikuweza kumwacha, Nadra. Nlimwosha. Nlimpa kila haki yake, kama alivyonfunza baba."

"Kila haki, mjomba. Ukampa na jua kichwani."

"Ndio. Jua la asubuhi..."

"Hapa si Unguja."

Alinitazama bila kuelewa. Miaka yote ya Maskati aliswali akielekea magharibi, lakini kuzika hakuwahi kumzika mtu hapa kwa mkono wake. Huku wapo wenye kazi hiyo. Alfajiri ile mikono ilikumbuka yenyewe. Nilimwona akigeuza kichwa polepole kwenye ukuta wa magharibi, ambako msala wa mama ulikuwa umetandikwa, kisha dirishani, kisha tena kwenye msala. Midomo yake ilikuwa inatafuta pande za dunia.

"Nimemlaza vibaya," akasema. Na hapo, si kabla, ndipo alipolia.

Nikasimama kuchukua simu. Mama alinishika mkono. Vidole vyake ni vyembamba lakini vilinibana.

"Nna ndugu mmoja tu, Nadra."

Nilimwambia najua. Damu nzito kuliko maji, watu husema, na mimi mwenyewe nimeisema kwa wengine. Nilisimama na simu mkononi na mama kanishika, na sote tukawa tunasikia sahani zinaoshwa jikoni, moja baada ya moja, na bomba likifungwa kila mara, kwa sababu mama hapendi maji yapotee na Mirembe analijua hilo.

Mama alisikiliza sahani hizo kwa muda mrefu. Kisha akaniachia mkono.

"Mirembe," akaita, "njoo mwanangu."

Mirembe alikuja akijifuta mikono. Mama akamwambia akae, na akavuta kiti kilichokuwa kando yake, kiti ambacho Mirembe hakuwahi kukalia tangu aingie nyumba ile. Akakaa kwenye ukingo wake.

"Kaka yako hakuua mtu," mama akamwambia. "Aliyeua ni huyu wangu. Sanda alomvisha ni yangu, kaichukua hapa, mie ndiye nlompa. Ntasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza."

Mirembe hakumwangalia mjomba. Alimwangalia mama, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli anaweza kumpigia mama yake Uganda sasa hivi. Mama akampa simu yake mwenyewe.

Khalil alifika na gari nusu saa baadaye. Mjomba alitoka kwa miguu yake, dishdasha yake nyeupe, kofia kichwani, akaomba jambo moja tu, kwamba mzee ageuzwe, na ageuzwe mapema. Khalil alisikia mkasa wote kwa Kiarabu na hakuniita Zinjibariya siku ile. Ssewanyana aliachiliwa baada ya siku chache. Alipoulizwa tena kuhusu geti, alikiri kwamba gari la mudir, yaani bosi, Zahor lilipita jioni ile, na likapita tena alfajiri ya keshokutwa yake. Kampuni ilitangaza kwamba mshauri wake alikuwa akifanya mambo kivyake na haimjui vizuri. Katapila lao bado liko mdomoni mwa bonde, limezimwa, na kamati ya ardhi imeahirisha kikao.

Mzee Marhoon alizikwa upya kule juu, kwa watu wake, kichwa kaskazini, mawe mawili. Taghreed aliulizwa kama anataka baba yake avishwe sanda nyingine. Alifikiri, akasema sanda ile imetoka Makka na haina kosa, aachwe nayo. Mama alitaka kujua alisemaje, na nilipomwambia akanituma sokoni Matrah nikamnunulie bafta mpya.

Nilikwenda kumwona mjomba rumande kumpa habari, kwa kuwa nilimwahidi. Khalil alisimama mlangoni. Mjomba alikuwa amekonda mabega, na aliniuliza kabla sijakaa kama wamemgeuza. Nikasema wamemgeuza.

"Wakamlaza kwa baba yake?"

"Ubavuni mwa baba yake."

Alitikisa kichwa kwa muda, macho yake mbali.

"Kapata bahati," akasema.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilitoka bila kumuaga. Nje Khalil aliniuliza amesema nini, na safari hii nilimtafsiria neno kwa neno.